Mishikio ya Moto ya Ilarie

Mume wangu Ilarie ana ubishi wa kula, kuuza na kusaza. Amekata miti kwa msumeno wa injini katika misitu hii ya Bucovina tangu tulipooana, na muda wote huo msumeno umekuwa ukimtetemesha mikono kutwa nzima. Sasa vidole vyake vinageuka vyeupe. Sisemi weupe huu wetu sote, nasema weupe wa mshumaa, vidole vimekufa kuanzia kucha hadi kiungo cha pili. Vikiwa hivyo hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Namfunga mimi, naye anatazama dari kana kwamba shati si lake.

Ukimwuliza, anasema ni pikipiki. Kila asubuhi anapanda nayo hadi mlimani wanakokata, barafu ikiwa bado juu ya nyasi, na upepo unampiga mikononi. Eti ni upepo tu. Mwenzake Gavril alianza hivyohivyo, akaenda kwa daktari wa kazini akasema kweli, akaondolewa kwenye msumeno. Sasa Gavril anashinda mlangoni pa duka na chupa ya pombe ya plamu, na Ilarie akipita pale hugeuza uso. Hicho ndicho anachokiogopa. Mimi naogopa kingine. Mtu asiyejua vidole vyake vimeshika nini hana biashara ya kushika msumeno, na kila gari likisimama mbele ya lango letu mchana, moyo wangu unaruka.

Vuli hii daktari wa kazini alikuwa anakuja Jumatatu. Mwaka jana Ilarie alimdanganya: alikaa kwenye foleni akiwa amekumbatia chupa ya chai ya moto, akaingia na vidole vya waridi kama bibi harusi. Safari hii nilimwekea ugali na maziwa ya mgando mezani, nikamngoja ashibe, kisha nikamwambia kwamba nitakwenda naye na nitasema mimi.

Alikasirika, akasukuma sahani. Baadaye akaja na shauri. Angenunua mishikio ya kupasha moto ya usukani wa pikipiki, ile yenye nyaya ndani. Kama ni upepo, vidole vingekuwa vyekundu na mimi ningefunga mdomo. Vikibaki vyeupe, angemwambia daktari kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe. Nilikubali. Nilijua nitashinda, na nilichukia kujua.

Ijumaa tulishuka mjini Câmpulung. Msichana wa dukani alituwekea aina mbili mezani. Moja ni vitambaa vya kuzungushia juu ya mishikio ya zamani. Ilarie alivinyanyua kwa ncha za vidole, akauliza kama ni vya kumfunga mtoto mchanga kitovu. Nyingine ni mishikio kamili ya mpira, unang'oa ya zamani na kuweka hiyo, nayo ilikuwapo myembamba na minene. Unene wa bomba la usukani alikuwa ameupima kwa uzi, nao ukakubali. Nilimwambia achukue ile myembamba, maana mshikio mnene unachosha kiganja. Akachukua minene. Msichana alituongezea kijisanduku chenye vitufe, akatuambia mara mbili kwamba hicho ndicho kinachopunguza moto na tusithubutu kukiacha.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa Toader, mwenye karakana. Toader ndiye aliyetushikia mishumaa siku ya ndoa, ndiye nănaș wetu. Kwa desturi yetu huyo ni baba wa pili. Unambusu mkono sikukuu, unampelekea mkate wa Pasaka, na hata akikwambia theluji ni nyeusi, unatafuta jinsi ya kuitazama.

Kazi yenyewe ilianza vizuri. Alichana mipira ya zamani kwa kisu, akakwangua gundi iliyokauka, akasafisha bomba kwa petroli. Upande wa kulia, wa kuvutia mafuta, aliuacha waya ulegee kidogo ili usikatike kila mkono unapozunguka. Mshikio ulipokataa kuingia aliniomba dawa yangu ya kupulizia nywele. Ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inashika kama gundi. Nikasema angalau safari hii pikipiki itakuwa na nywele nzuri kuliko mwenyewe. Hata Ilarie alicheka.

Kisha Toader akakigeuzageuza kile kijisanduku cha vitufe, akakitupa kwenye kopo la misumari. Alisema hivyo ni vitu vya watu wa mjini, vinaingia maji na kufa mvua ya kwanza. Akaunga nyaya moja kwa moja kwenye betri kupitia swichi ya taa ya zamani, ya kuwasha na kuzima tu. Nilimtazama Ilarie. Ilarie alinitazama. Tulimsikia yule msichana sote wawili, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu hatukulelewa kumkosoa nănaș ndani ya karakana yake.

Akawasha injini, akabonyeza swichi. Wakataji wa huku wana mwiko wao: mashine ikifungwa kitu kipya, mkono wa kwanza kukishika ni wa mwenyewe, la sivyo mashine itamgomea. Kwa hiyo Toader alirudi nyuma, nami nikarudi nyuma, na Ilarie akapanda akashika.

"Vipi?" aliuliza Toader.

"Bado."

Tukangoja. Toader akaanza kusimulia habari za ng'ombe wake. Akauliza tena.

"Bado, nănaș. Labda betri imechoka."

"Betri ni mpya, mwanangu. Kamata vizuri, usishike kama unashika yai."

Ilarie akakaza mikono. Alikaa hivyo muda mrefu, ameinamia usukani, uso umetulia kabisa. Mwishowe akatabasamu.

"Haya, sasa. Vuguvugu. Raha hasa."

Nilifurahi, sitaficha. Kwa dakika ile nilitamani nishindwe, nirudi nyumbani nikiwa mke mwenye kelele za bure, na mume wangu awe na vidole vilivyosumbuliwa na upepo tu. Toader aliinama kuzima injini. Kiwiko chake kilikuwa wazi, kikagusa mshikio wa kushoto, naye akaruka nyuma akitukana mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Toa mikono! Ilarie, toa mikono!"

Ilarie alitoa mikono bila haraka, akashangaa kelele ni za nini. Viganja vilikuwa vyekundu kama nyama ya buchani. Chini ya vidole malengelenge yalikuwa yameshavimba, na ngozi ya kidole gumba ilibaki kwenye mpira. Alivitazama viganja, akatutazama sisi, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavinyanyua mbele ya uso wangu.

"Haya, mama. Vyekundu au si vyekundu? Ahadi ni ahadi."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilikimbilia kisimani, nikaleta ndoo, nikamkalisha kwenye gogo na kuitumbukiza mikono yake majini. Toader alikuwa amepauka. Alianza kusema kosa ni lake, kile kijisanduku kilikuwa na kazi yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kosa lolote. Ilarie akawa anamtuliza. Akamwambia ni bahati mbaya tu, mpira ni mnene, moto ulichelewa kupenya, mtu yeyote angechelewa kuhisi. Alieleza vizuri sana. Fundi mzima wa kusema uongo, na msikilizaji aliyemtaka aamini ni yeye mwenyewe.

Nilipiga magoti kando ya ndoo. Nilipeleka mkono wangu chini ya maji, nikavishika vidole vyake kwenye ncha, pale pasipoungua, nikavibana. Yeye akaendelea na Toader. Nikabana zaidi, mpaka kucha zangu zikaacha alama. Akawa anasema Jumatatu itakuwa imepona.

"Ilarie," nikamwambia. "Nimekushika."

Hakuelewa. Akaangalia chini, akaviona vidole vyangu vimezunguka vyake ndani ya maji. Maneno yakamwishia katikati.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Toader alitoka nje, akasimama uani akiwa ametupa mgongo. Ilarie alitazama ndoo tu, na midomo ikaanza kumcheza. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima, na sikuwahi kumwona akiogopa.

"Zamani tukizima taa ulikuwa unanishika vidole," alisema. "Halafu ukaacha. Sikukuuliza. Nilisema moyoni, basi, amenichoka."

Nilitikisa kichwa.

"Nilikushika jana, Ilarie. Nilikushika mpaka ukaanza kukoroma."

Akatazama tena ndani ya ndoo, akajaribu kuvikunja vidole juu ya vyangu. Vilikunjika nusu.

"Jumatatu," alisema, "twende wote. Daktari utamwambia wewe. Mimi nitashindwa."