Ndevu za Mzee

Kwenye boma la Muturi pale Milimani, wazee walikuwa wawili. Wa kwanza ni Muturi mwenyewe, aliyeuza spea za baiskeli mjini Kisumu miaka arobaini. Wa pili ni mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, wa kwenye chungu, kimo cha mtoto wa nasari, uliokaa verandani. Muturi aliupa jina la Mzee kwa utani, na mizizi iliyoning'inia kwenye matawi yake akaiita ndevu.

Mizizi ya namna hiyo haiji kwa maombi. Kwa miaka mitatu Wechuli, mtunza bustani wa kabila la Wabukusu, aliunyunyizia mti maji asubuhi na jioni, akafunika matawi kwa nailoni ili unyevu usitoroke, na kila mzizi uliochungulia akauongoza chini ndani ya mrija wa soda wenye udongo laini. Ukishapata nguvu, aliutoa mrija. Mmoja ulikuwa umebakisha vidole viwili kugusa udongo. Muturi, ambaye macho yake yalishaliwa na ugonjwa wa sukari, aliupima kwa vidole kila asubuhi.

"Ikigusa chini kabla ya Krismasi, nabaki Kisumu," alimwambia bintiye Janice, aliyetaka kumhamishia kwake Nyeri akatibiwe figo. "Isipogusa, nakuja. Hiyo ni ahadi."

Siku moja ya Novemba Janice akamtumia Wechuli ujumbe: "Pastor anakuja leo jioni. Tafadhali Mzee anyolewe ndevu."

Mtu mwingine angetafuta wembe. Wechuli alichukua mkasi. Iliuma, lakini Janice ndiye aliyekuwa akimlipa, tena hakuwahi kuipenda ile mizizi. Alisema inaifanya veranda ionekane kama pango. Akanyoa yote.

Usiku Janice akapiga simu. "Wechuli, pastor amenitumia picha. Mbona Baba bado ana ndevu kama mbuzi?"

Ndipo Wechuli alipoelewa ni ndevu za nani. Kulipopambazuka, kabla Muturi hajaamka, alilowesha uzi wa katani, akaupaka tope na kuufunga pale alipokata. Haraka ilimzidi, kwa hiyo hakuupima. Mwisho wa uzi ukazama kwenye udongo.

Muturi akaja akipapasa. Vidole vikashuka, vikashuka, vikafika chini.

"Imegusa!" alipaza sauti. "Wechuli, imegusa! Nipigie Janice. Mwambie siendi mahali."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Wechuli akabonyeza namba. Na kilichomla moyo baadaye si uongo peke yake, bali kwamba alifurahi: Mzee akibaki, kazi nayo inabaki.

Kuanzia siku hiyo akawa ananyunyizia uzi maji, asubuhi na jioni, kama mwehu. Muturi alimsifu kwa kila mgeni: "Huyu Mbukusu ana mkono wa Mungu." Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Chakula kilimshinda. Miguu ya Muturi ikaanza kuvimba, kisha uso, na Wechuli akawa hawezi kumtazama.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilichukua wiki tatu. Janice alikuja mwenyewe na gari, akampigia babake magoti akimsihi waende Nyeri. Muturi akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye chungu.

"Ahadi ni ahadi, mama. Imegusa."

"Haijagusa, Mzee," Wechuli akasema, na machozi yakamtoka. "Niliikata. Nilikosea kuelewa ujumbe. Hiyo ni kamba, mimi ndio nilifunga."

Muturi aliupapasa uzi, akauvuta. Ukamjia wote mkononi.

"Ungeniambia umekata," akasema polepole, "ningekutukana, halafu tungekunywa chai. Ningekuwa Nyeri saa hii. Wiki tatu, Wechuli. Kwa figo kama zangu, unajua wiki tatu ni nini?"

Wechuli hakujua. Janice alijua. Alikuwa ameshaingia ndani, anapakia nguo za babake kwenye begi, na kilio chake kilisikika mpaka verandani.