Nyumba Bila Ardhi

"Hebu soma tena hapo penye kuondoa," Faki alisema.

Ismail, wakala wa mwenye ardhi mpya, alishusha miwani akaisoma tena barua: mpangaji aondoe nyumba yake na kila kilicho chake ndani ya siku saba. Leo ilikuwa ya saba.

Huku Likoni mtu huwa na nyumba na asiwe na ardhi. Kuta zako, paa lako, mchanga wa mwenzio. Babu yake Faki alijenga hapo kwa ruhusa ya mdomo, baba yake akaezeka upya, na miaka yote hiyo mwenye ardhi hakuonekana hata siku moja mpaka alipoiuza. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye muhuri.

"Nyumba nabomoa," Faki alisema. "Na kisima?"

"Kisima ni shimo, Mzee Faki. Shimo ni ardhi. Tajiri ataka kutia pampu auze maji."

Damu ilimpanda Faki kichwani. Kazi yake ni kuchimba visima. Vya watu amevichimba mpaka vidole vimepinda. Hiki alikichimba peke yake, pima tisa za mwamba, mwaka aliofariki mama yake, kiwe sadaka kwa ajili yake. Mtaa mzima huchota bure.

"Shimo ni langu," alisema. "Nilipoanza palikuwa pamejaa mwamba. Wallahi naliondoa."

Akautia mtaimbo ukutani. Jiwe la chumba alichozaliwa likang'oka na udongo wake. Akalibeba hadi kisimani, akaliachia.

"Babake Sabah!" mkewe, Mwanarusi, alipiga ukelele. "Maji yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Barua yasema niondoe changu. Shimo huondolewaje, kama si kwa kulijaza?"

Ismail alirudi nyuma, akipapasa mfuko kutafuta simu.

Faki alikuwa amekumbatia jiwe la pili alipotokea Bi Rahima, jirani wa nyumba ya tatu, na ndoo zake mbili.

"Shikamoo, Bi Rahima."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Faki aliliweka jiwe chini, akateremsha kamba, akavuta. Maji yalipanda meupe, yamevurugika kwa chokaa na udongo. Aibu ikamshika, akataka kuyamwaga.

"Lete tu," Bi Rahima alisema. "Yatatuama."

Akamjazia zote mbili, akamtwika moja. Bi Rahima akaondoka polepole, ile nyingine mkononi, akiacha matone mchangani. Faki aliinama akalishika jiwe, lakini hakuliinua. Alingoja kwanza bibi afike kwake.