Bibi Achagua Fizikia

Siku ya kuchagua masomo, Perlita Magbanua alifika chuoni, mjini Iloilo, akitoka moja kwa moja matangani kisiwani kwao. Hilo lilikuwa kosa. Kwao, mtu aliyetoka kukesha na maiti hupitia kwanza dukani, anywe hata soda, la sivyo marehemu humfuata. Lakini boti ilichelewa, na dirisha la usajili halimngoji mfiwa.

Kwa hiyo bibi yake, Consorcia, alikuwa nyuma yake kwenye foleni, amevaa gauni la kuzikiwa, anajipepea.

"Unalenga mtihani wa kuingia udaktari?" mshauri wa masomo, Bi Divinagracia, alimuuliza Perlita. "Basi fizikia achana nayo. Chukua lishe, chukua saikolojia, alama zipande."

"Lakini kwenye mtihani imo, Mwalimu."

"Utajisomea."

Perlita alishakubali moyoni. Akifeli somo moja tu, ufadhili unakatwa, na udaktari ndiyo basi tena.

"Fizikia," alisema Bibi. "Mapafu yangu yalijaa maji, nikafa nimekaa kitako. Nataka nijue hayo maji yalipandaje."

"Bibi, nikifeli wananifukuza!"

"Ukifeli tumefeli wote. Mie nishakufa, aibu nitaionea wapi?"

Perlita alilia kidogo, kisha akaandika fizikia. Bi Divinagracia akagonga muhuri, akamwomba marehemu asogee, anaziba foleni.

Bibi alikaa dawati la mbele muhula mzima. Zahanati ya kisiwani ilikuwa na vitanda, mizani na kufuli. Daktari wake alishakwenda ng'ambo. Matanga hayakukoma, na kila mara Perlita aliikimbilia boti bila kupitia dukani. Msuka nyavu aliyeoza mguu akamfuata darasani, kisha mama aliyefia uzazini, na kichanga chake. Mwalimu wa fizikia aliomba tu mtoto anyonyeshwe nyuma.

Perlita alifaulu fizikia kwa taabu. Mtihani wa kuingia udaktari alifaulu vizuri. Jioni ya matokeo aliwakuta marehemu wote nje ya chumba chake cha kupanga, wamejipanga kwenye benchi, Bibi mbele.

"Daktari yupo?"

"Bado, Bibi. Miaka mitano."

Bibi akasogea, yule mama mwenye kichanga apate nafasi.

"Tutangoja," alisema. "Tumezoea."

Perlita akaenda kwa jirani kuazima benchi la pili.