Picha ya Kuazima

Kuna watu wanajua kuingia msibani, na mpiga picha aliyeitwa Jicho aliwashinda wote. Anavua viatu mlangoni, anashika kifua, anatoa pole kwa sauti ya chini utadhani kazaliwa humo. Kumbe macho yanazunguka yanatafuta dirisha lenye mwanga. Vita vya mpakani alikwenda, vurugu za mjini alikwenda, na kila alikotoka alirudi na sifa mpya na fulana ileile ya mifuko mingi, ambayo hata harusini haikumtoka mwilini. Uso mkavu, haya hana.

Fundi alimjua kwenye msiba wa mwanawe. Mama huyu alikuwa anashona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kifungua mimba wake alifanya kazi gereji. Siku ya vurugu alitoka kufunga geti, risasi ikampata, basi. Kabla turubai halijafungwa vizuri, Jicho kafika. Alimpiga Fundi picha akilia, kisha akataka na picha ya marehemu, itoke gazetini pamoja na habari. Wapiga picha wenye adabu huiweka picha hiyo mezani, huipiga palepale, humrudishia mwenyewe mkononi. Jicho akadai mwanga wa chumba kile ni mbovu, ofisini ataipiga vizuri zaidi.

"Niazime tu, mama," akasema. "Nitairudisha kesho."

Fundi akampa. Ilikuwa picha pekee aliyokuwa nayo. Simu ya kijana ilipotea palepale alipoanguka, na simu yake mwenyewe ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Katika picha ile mama na mwana walikuwa wamesimama studio, kijana na shati jeupe aliloshonewa nyumbani, na mkono wa mama begani kwake.

Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, mwaka ukazaa mingine. Fundi alikwenda gazetini mpaka walinzi wakamzoea. Mapokezi walimpiga kalenda kwa adabu zote: Jicho hayupo, yuko vitani. Akirudi tena, yuko vitani. Fundi akamwambia bintiye kwamba vita hivyo haviishi kwa sababu yule bwana anavikataza visiishe.

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Sauti ya mwanawe aliikumbuka, hata kikohozi chake. Sura ndiyo ilikuwa inamponyoka. Akiwa kwenye cherehani hujaribu kukumbuka kidevu kilikaaje, akakosa, akasimamisha mashine na kukaa tu.

Kisha binti akasikia redioni kwamba Jicho anastaafu, na kazi zake za maisha zinaonyeshwa mjini. Maonyesho yaliitwa "Nyuso Tulizozipoteza."

"Yeye kapoteza nini?" Fundi akauliza. Akachukua mkoba wake wa mashono, wakaenda.

Ukumbi ulikuwa mweupe, na wageni walishika glasi za sharubati wakiinamisha vichwa upande, kila mmoja akijifanya mjuzi. Ukutani Fundi alijikuta mwenyewe, mkubwa kama mlango, mdomo wazi, kamasi zinamtoka. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Bibi mmoja mwenye miwani akamsifia mwenzake kwamba picha ile ina utulivu wa ajabu. Utulivu! Mtu kafiwa na mwanawe, na mwenyewe kasimama ubavuni mwao na mkoba wake, hawakumtambua.

Mbele ya ubao mkubwa Jicho alikuwa anahutubia. Akaeleza jinsi watu wa kawaida walivyomwamini kwa vitu vyao vya thamani, na wageni wakapiga makofi. Fundi akausogelea ubao. Zilikuwa picha za kuazima, zenyewe, si nakala. Zote zimekatwa vipande vya mraba vya ukubwa mmoja na kubandikwa kwa gundi, pembeni kwa pembeni. Mwanawe alikuwa kwenye kona ya chini. Yeye mama mtu alikatwa, vikabaki vidole vyake vinne begani kwa kijana. Akajaribu kuibandua kwa ukucha, karatasi ikaanza kuchanika usawa wa sikio. Akaacha upesi.

Jicho akaja, hakumkumbuka hata kidogo. Aliposikia shida yake akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ubao umeshachukuliwa na makumbusho, kung'oa kipande kimoja ni kuharibu kazi yote, na ashukuru, maana mwanawe ataonwa na dunia nzima.

"Mimi ndiye niliyetaka kumwona," Fundi akasema.

Machozi yakamtoka. Na Jicho, kwa mazoea yale yale, akainua kamera. Akapiga, kisha akamwomba ageuke kidogo upande wa dirisha. Mtu mzima hovyo.

Fundi akafuta uso kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Niazime hiyo kamera."

Jicho akacheka, akatazama huku na huku. Wageni walikuwa wanatabasamu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho, na hotuba ya kuaminiana bado haijapoa mdomoni mwake. Angekataaje? Akavua mkanda shingoni taratibu. Akanong'ona kwamba humo mna picha za safari yake yote ya mwisho, hajazihamishia popote.

"Nitairudisha kesho," Fundi akasema. Akaitia mkobani kati ya mkasi na vitambaa, akatoka na bintiye.

Kesho yake asubuhi Jicho alikwenda kuifuata. Nyumba hakuikumbuka, ilibidi aulize mtaa mzima. Akavua viatu mlangoni, akashika kifua, akatoa salamu kwa sauti ya chini. Nyuma ya pazia la mlango cherehani ilikuwa inalia. Binti akatoka, akamtazama kuanzia soksi mpaka fulana ya mifuko.

"Mama hayupo," akamwambia. "Yuko vitani."