Karata za Siku ya Jiko Baridi

...na hizi pia za kutupwa, tisa na tatu, Jalpa akagusa kioo cha simu zikapotea, hakuna kilichouma, rupia mbili za meza ya chini kabisa zikaenda kwa mtu asiyemjua, na mumewe Nilesh bado amesimama mlangoni pa jikoni, mkono ameunyoosha, kiganja juu, "lete basi hiyo simu, mama Dhruvi, muda unaenda," kama mtu anayeomba chumvi, na nyuma yake sebuleni mama mkwe na wifi yake Rinku wamekaa chini na karata zao tatu tatu, maana leo ni sikukuu ya Satam, moto hauwashwi, jiko limepakwa unga mwekundu wa kumkumu na kuachwa lipumzike, chapati za uwatu za jana zimekauka kingo, na wanawake wa Rajkot wasio na chungu cha kuangalia wanacheza kamari mchana kweupe, ni ibada, ndivyo anavyosema mama mkwe, "anayecheza na wenzake siku ya Satam ni mtu wa dini, anayejificha na simu ni mwizi," na Rinku anacheka, "mwizi gani, mama, wifi yangu anacheza poka ya senti, mwezi mzima hajashinda hata bei ya soda"... hawajui, naye hatawaambia, kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo, gawanya akiba mafungu ishirini, keti mezani na fungu moja tu, likiisha zima simu ukafue nguo, usilikimbilie lililopotea, usipande meza ya juu kwa sababu jana ulishinda, alianza na pesa za kupindia majirani sari, na sasa akiba iliyomo simuni imekaribia kukomboa bangili moja ya rehani, moja tu, kwa mwaka mzima wa kutupa tisa na tatu... "Tunaziweka pesa zote mara moja," Nilesh anasema, "meza kubwa, siku yenyewe ina baraka, nakurudishia mara tatu, bangili zako nazikomboa kesho asubuhi," bangili, amelitamka neno hilo bila hata kumeza mate, bangili alizopewa Jalpa na mama yake, ambazo Nilesh alimpokonya mwaka jana katika siku hizi hizi za karata, hapana, hakumpokonya, ukweli usemwe, alinyoosha mkono tu, na yeye Jalpa mwenyewe alikwenda bombani akapaka sabuni kifundoni mpaka zikateleza, akazifuta maji kabla ya kumpa, na mama yake alipokuja Diwali akautazama ule mkono mtupu, akaomba sukari zaidi kwenye chai, hakuuliza, heri angeuliza... simu ikatetema, nane mbili, jozi, karata nzuri, na hapo hapo mtu anayejiita Chui wa Surat akasukuma pesa zake zote katikati, duara la muda likaanza kuliwa pembeni, amua, nane mbili ni nzuri, ndizo zinazomaliza watu, karata mbaya haimfilisi mtu kwa kuwa anaitupa, ila huyu Chui amekaa kimya tangu Jalpa aketi, mtu wa namna hiyo hasukumi zote kwa kujifurahisha, na zile rupia ambazo ameshaziweka si zake tena, ni za meza, asizifuate... "Mpe mumeo," mama mkwe anasema bila kuinua macho, "nyumba nzima inajua Jalpa wetu ni mvumilivu," mvumilivu, wanamsifia hilo hata mbele ya wageni, na yeye alikuwa akiinamisha kichwa, akifurahi kidogo, kumbe wapi, uvumilivu anaoujua yeye ni wa kutupa, na humu ndani ametupa nini, hajawahi kutupa kitu, kila mara amelipia ili aione karata inayofuata, mtoto akizaliwa Nilesh atatulia, akipata kibanda cha simu atatulia, bangili zikishakwenda ataona aibu atatulia, na kila alipolipia alijiambia nimeshaweka nyingi mno, siwezi kuacha sasa, huyo si mvumilivu, huyo ni yule mchezaji ambaye meza nzima inamngoja aketi, Jalpa anamjua, huwa anamwona asubuhi kwenye simu, naye Jalpa hula pesa zake kidogo kidogo bila kumwonea huruma... duara limebaki kipande chembamba, akagusa, nane mbili zikaondoka, Chui akazoa vijisenti vyake, na Nilesh, "nakusemesha, Jalpa," na Rinku, "kaka, njoo ukae, mkeo kashikwa na mashetani ya simu," na moyo wake unadunda kama ndiyo kwanza amesukuma zote katikati, ila hajasukuma kitu, ameacha tu, kumbe kuacha nako kunatetemesha hivi... "Sitoi, baba Dhruvi," akasema, sauti ndogo mno, hata yeye hakuisikia vizuri, akairudia.