Droo ya Lenzi

Kila Ijumaa kabla jua halijazama, marehemu mume wa Feige, fundi Myahudi wa almasi jijini Antwerp, alifungia lenzi yake ya kukagulia mawe kwenye droo na kusema, "Kazi, nenda kalale." Hata Griet, jirani yao Mkristo, aliiga. Akawa anafunga duka lake la vitambaa siku moja kila wiki, na wanawe wakapata kumwona mama yao ameketi.

Ijumaa hii Feige alikuwa ameshaandaa meza ya Sabato na Griet ameketi kama mgeni, ila binti yake Mirel bado alikuwa akibonyeza simu.

"Mwanangu, weka hicho kidude kwenye droo."

"Mama, nina mteja New York. Siku hizi dunia nzima ina siku yake ya kupumzika, si lazima tuilinde sisi."

"Na hiyo dunia ilijifunza kwa nani? Kwa baba yako. Griet huyu hapa, muulize."

Mirel akambusu, akatoka na simu sikioni.

Griet akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka mahali pa lenzi. Feige akageuza ufunguo, akawasha mishumaa. Miaka yote aliogopa watu watawanyang'anya siku hiyo. Hakuwahi kuogopa kwamba mwanawe ataiacha mezani.