Kompyuta Yenye Sauti ya Mama

Tangu kompyuta yake kuukuu ipokee masasisho, Séraphine alikuwa akibonyeza kitufe na kuambulia kioo cheusi tu. Akaipeleka kwa Ongom, fundi wa kompyuta katika mtaa wa Mengo.

"Kaka, humo mna sauti ya mama yangu. Yuko Bukavu, na simu yangu haimfikii tena."

Ongom alichomoa betri, akakibana kitufe kwa muda, kisha akairudisha. Kompyuta iliwaka, ikakwama. Ndipo akayaondoa yale masasisho mapya, nayo ikafunguka.

Séraphine aliufungulia wimbo aliotumiwa na mama. Mama aliimba peke yake, akinyamaza kila alipozoea kuitikiwa na bintiye. Séraphine akaitikia kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga.

"Turudie, dada?" Ongom aliuliza, akaizima feni ya karakana yake ili wasikie vizuri.